Kovu la spoku na sanduku la Copenhagen

Kwenye kisigino cha mguu wangu wa kulia kuna kovu lililojikunja kama mwezi mwandamo. Nililipata Tabora, mtaa wa Isevya, nikiwa darasa la pili. Tulikuwa tunatoka mashineni kusaga, mfuko wa unga umelazwa kwenye chuma cha mbele, mimi nimekaa kwenye keria ya Phoenix ya baba. Nikasinzia, mguu ukaning'inia, spoku zikaudaka. Baba anasema alihisi baiskeli imekaza ghafla kabla hajasikia kilio.

Sasa nina watoto wawili, na kila asubuhi nawapeleka chekechea hapa Copenhagen, Denmark, kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Mawili yako mbele, moja nyuma, na juu ya yale ya mbele kuna sanduku la mbao lenye benchi na mikanda. Mvua ikinyesha, na huku inanyesha bila aibu, nawafunika kwa turubai lenye madirisha ya plastiki. Wao wanagombania biskuti humo ndani, mimi nalowa. Jioni sanduku hilohilo linabeba mchele, viazi na maziwa. Siku moja lilibeba mashine ya kufulia ya mtumba, na aliyeniuzia alinisaidia kuipakia bila hata kuuliza kama nina gari.

Nilipotuma picha kwenye kundi la ukoo, wifi yangu alijibu: "Mama Neema, kwani gari mmeuza?" Shangazi akaongeza kwamba niombewe.

Sikukasirika, maana nami nilikuja na macho hayohayo. Kwetu baiskeli ni chombo cha kusubiria pikipiki, na pikipiki ni ya kusubiria gari. Hapa nimemkuta daktari wa watoto wangu akisukuma sanduku kama langu, amebeba mbwa na kreti ya soda. Lakini tusidanganyane kwamba watu hawa wamezaliwa na mapenzi ya baiskeli. Kodi ya kusajili gari Denmark, kwa sehemu ya juu ya thamani yake, inafika asilimia 150. Mji wenyewe ni tambarare. Njia za baiskeli zimeinuliwa kwa kingo za mawe ili gari lisipande, na theluji ikianguka hufagiliwa mapema. Mtu akiwekewa hayo yote halafu bado akapanda gari kwenda kununua mkate, basi ana sababu zake. Sanduku langu nililinunua kwa mkono wa pili, kroner 6,000, zaidi ya shilingi milioni mbili. Hapa wanaita bei poa.

Masanduku ya kisasa ya aina hii yalianza 1984, pale Lars Engstrøm alipomtengenezea mwenzi wake baiskeli ya mizigo huko Christiania, kitongoji cha Copenhagen kisichoruhusu magari. Watu wa huku husimulia habari hiyo kwa fahari. Nikiisikia huwa nacheka kimoyomoyo, kwa sababu mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe, kwetu Tabora, mpaka Bagamoyo. Leo binamu yangu anauza maji Ng'ambo, mtaa wa hukohuko Tabora, na baiskeli yake inabeba madumu sita ya lita ishirini. Hizo ni kilo 120 kabla hujapima madumu yenyewe, zimefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Sanduku langu limeandikiwa mwisho kilo 100. Nani amfundishe mwenzake?

Ndiyo maana nachoka na wenzangu wa ughaibuni wanaopanga kusafirisha masanduku haya nyumbani kama msaada. Wamesahau mchanga wa Tabora. Kiangazi, magurudumu mawili ya mbele yatazama kila moja upande wake, utaishia kusukuma. Njia za kwenda mashambani ni za kupita mtu mmoja kati ya majani. Baiskeli yetu nyembamba inapita hapo na magunia mawili, sanduku litabaki barabarani. Na likivunjika, fundi wa chini ya mwembe atapata wapi kipuri? Cha Phoenix akikikosa anakichonga.

Cha kuiga kipo, lakini ni kidogo na hakipendezi kwenye picha. Kwanza ni upana wa ukingo wa barabara. Binamu yangu akisikia honi ya basi nyuma yake kwenye lami, anashuka na kilo zake 120 vumbini, anasubiri lipite, halafu anaanza upya kutafuta mwendo. Mwenye basi hana hata habari. Wachora barabara wangempa mita moja na nusu ya lami kila upande, angemaliza mzunguko mmoja zaidi kwa siku.

Cha pili ni kinga ya spoku. Huku kiti chochote cha mtoto cha nyuma kina mahali pa kuweka miguu na ubao wa kuzuia visigino. Desemba nilipokuja likizo nilimchorea fundi mmoja wa kuchomelea, kwenye vumbi, kwa kijiti. Akatazama, akasema, "Dada, hiki mbona kitu chepesi hivi?" Akakata dumu bovu la plastiki likawa mbawa mbili za kufunika gurudumu la nyuma, akapinda nondo mbili nyembamba kuwa vikanyagio, akachomelea na kiegemeo kwenye keria. Tulikaa pale saa mbili, nusu ya muda tukisubiri umeme urudi.

Baba alipoletewa baiskeli aliizunguka. Akamketisha mwanangu mdogo, akamwambia ateleze mguu makusudi. Mguu ukagonga plastiki ukarudi. Akamwambia tena. Mara ya tatu mtoto akachoka na mchezo ule. Baba akashika usukani, akaondoka naye polepole kuelekea dukani, mimi nikabaki mlangoni na viatu vyangu vya Ulaya.

Wiki iliyopita wifi kanipa habari kwamba majirani wawili wameshatengenezewa mbawa kama zile, kwa shilingi 8,000. Mimi yule fundi alinitoza 15,000.