Nyumba ya Wittgenstein

Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, alijeruhiwa vitani mwaka 1914, akakatwa mkono wa kulia, na Warusi wakamchukua mateka. Aliporudi, utajiri wa baba yake wa viwanda vya chuma ulimwezesha kuwalipa watunzi wakubwa wamtungie kazi za okestra na piano ya mkono wa kushoto pekee. Alilipa vizuri, na akajiwekea haki ya kuzipiga yeye tu.

Koncheto (kazi ya piano na okestra) ya mtunzi Ravel aliipiga kwa mara ya kwanza Vienna, 5 Januari 1932. Inaanzia chini kabisa, besi zikinguruma, kisha piano inaingia peke yake. Ukifumba macho utaapa ni mikono miwili. Lakini Wittgenstein alikuwa ameipangua: hapa kaongeza nota, pale kaipa piano sehemu ya okestra. Ravel akawaka. Inasimuliwa kuwa Wittgenstein alimwandikia kwamba mpigaji si mtumwa, Ravel akamjibu kwamba ni mtumwa hasa.

Katika hili namtetea Wittgenstein, ingawa nusunusu. Anayetokwa jasho jukwaani ni yeye, na alichovuruga kimerekebishika: maandishi ya Ravel yapo, na leo yanapigwa yalivyo.

Kuficha ni jambo jingine. Mtunzi Prokofiev alipompelekea koncheto yake mwaka 1931, Wittgenstein alijibu kuwa haelewi hata nota moja na hataipiga. Kazi ya mtunzi Hindemith ya mwaka 1923 aliifungia tu. Siegfried Rapp, mpiga piano aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Pili vya Dunia, alipomwomba kazi hizo, Wittgenstein alimkatalia: mtu hajengi nyumba ili mwingine aishi humo.

Hoja hiyo ina uzito. Asiye na mkono hana rundo la muziki la kuchagua kama wenzake; hicho kidogo ndicho riziki yake, na bila fedha zake kisingekuwapo. Ila nyumba ya Prokofiev na ya Hindemith hakulala humo hata usiku mmoja! Ya Prokofiev ilifunguliwa na Rapp huyohuyo, Berlin, mwaka 1956. Hindemith alikufa mwaka 1963 bila kuisikia yake. Maandishi yalipatikana mwaka 2002, na miaka miwili baadaye mpiga piano Leon Fleisher akaipiga na okestra ya Berlin Philharmonic. Fleisher naye mkono wa kulia ulimgomea tangu miaka ya 1960; kwa miaka mingi alikuwa akitafuta muziki wa aina hiyo, nao umo kabatini.