Fukwe zetu tunazifagia, maji hatuyapimi

Huku Ulaya kila ufuko ulioandikishwa kwa kuogelea una ubao, na ubao huo unanipa raha na hasira kwa pamoja. Umeandikwa daraja la maji: bora kabisa, mazuri, yanaridhisha au mabaya, na maelezo mafupi ambayo mtu yeyote anayasoma akaelewa. Basi. Hasira inakuja nikifikiria fukwe zetu: mchanga umefagiwa tangu alfajiri, watoto wako majini, na hakuna anayejua kilichomo ndani ya maji hayo.

Najua maneno yanayonisubiri. "Kapanda ndege juzi, leo kwao kunanuka." Hapana. Bahari yetu siibadilishi na hii ya baridi. Watu wa pwani yetu wanajua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, na maji mafu, yale madogo ya katikati, bila kufungua kitabu, na mvuvi wa kwetu anakuonyesha kwa kidole pale mkondo unapovuta kwenda nje. Ninachodai ni kupima, kwa sababu kinyesi kikishayeyuka majini hakionekani, hata maji yang'ae vipi.

Na kupima kwenyewe si uchawi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inataka sampuli zisizopungua nne kwa msimu, ya kwanza kabla watu hawajaanza kuingia. Mpimaji anakwenda pale penye waogaji wengi, mahali penye kina cha angalau mita 1, anazamisha chupa iliyotakaswa hadi sentimita 30 chini ya uso wa maji. Akichota ukingoni, mchanga uliotibuliwa unaharibu hesabu. Chupa inaingia mara moja kwenye sanduku la barafu, gizani, kwenye nyuzi 4 hivi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: chupa ikiachwa juani ndani ya gari, vijidudu vinakufa njiani na maabara inatoa majibu mazuri ya uongo. Vinavyohesabiwa ni vijidudu viwili vya kinyesi, E. coli na enterokoki, maana enterokoki huvumilia maji ya chumvi muda mrefu zaidi. Kwa bahari, daraja la juu linataka E. coli visizidi 250 na enterokoki visizidi 100 katika mililita 100, na hesabu inajumlisha vipimo vya misimu minne, si vya siku moja waliyoipenda wenyewe.

"Wazungu wana hela." Maabara za kupima maji ya kunywa nyumbani tunazo, na zinatafuta E. coli hao hao. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa kazi ya kwenda kuchota, na ratiba ambayo haisubiri ziara ya waziri.

"Wenzetu ni wasafi kwa asili." Huo nao si ukweli. Paris walipiga marufuku kuogelea mto Seine mwaka 1923. Kabla ya Olimpiki ya 2024 walijenga tangi kubwa chini ya ardhi la kushika maji ya mvua yanayozidi uwezo wa mabomba, na bado mvua iliponyesha, triathlon ya wanaume, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, iliahirishwa kwa siku moja. Mabomba yao ya zamani yanachanganya mvua na maji ya vyoo, na yakijaa yanamwaga mtoni. Tofauti ni kwamba walipima, wakatangaza, wakazuia watu kuingia.

Kwetu uchafu una njia zake, na mnazijua: bomba la choo lililounganishwa kinyemela na mtaro wa mvua, karo la maji ya choo lisilo na sakafu lililochimbwa hatua chache kutoka ufukoni. Ndiyo maana tusipime maji yakiwa yamejaa tu. Yanapokupwa, maji ya chini ya ardhi huchuruzika kutokea mchangani, na hapo karo linajitaja lenyewe. Kwa kuwa majibu ya maabara huchukua siku moja au zaidi, mvua kubwa ihesabiwe kuwa onyo tosha: bendera nyekundu karibu na midomo ya mitaro, na watu wasiingie kwa siku mbili.

Na huko kufagia! Nguvu zote tunazimalizia kwenye mwani, ambao unashika mchanga usiliwe na mawimbi. Okota plastiki kwa mkono, mwani uache, mapipa yawekwe juu ya alama ya bamvua ili bahari isiyabebe.

Wengine watasema majibu mabaya yatafukuza wageni. Watakimbia ufuko upi? Ubao unataja ufuko mmoja na tarehe moja. Pasipo ubao, wageni wachache wakiharisha, pwani nzima inachafuliwa jina, pamoja na fukwe ambazo maji yake ni mazuri kuliko mengi ninayoyaona huku. Hayo mazuri nayo yabandikwe, kwa herufi kubwa zile zile.