Mifuko bila turubai ni hasara

Kuna makala inayowashauri wanaojitolea kuwachangishia wakulima fedha waanze na barua tamu kwa mfadhili. Anzeni na bajeti, jamani! Chukua mfano wa mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa, ya kuhifadhia mahindi. Wafadhili wanaipenda: inahesabika, na inatoka vizuri kwenye picha. Lakini mahindi yakifungwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yanaweza kuota ukungu humo humo, kwa hiyo turubai za kuanikia na kipima unyevu viwemo kwenye ombi tangu mwanzo. Fedha zilizotolewa kwa ajili ya mifuko pekee kwa kawaida huwezi kuzihamishia kwenye turubai bila idhini ya maandishi ya mfadhili, na mavuno hayangoji barua pepe. (Kipima hakuna? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiponata, bado si hakika kwamba umefika 13.5.)

Saa zenu za kujitolea nazo, baadhi ya wafadhili huzikubali kama mchango wa mwombaji, yaani sehemu ya gharama anayoibeba mwombaji mwenyewe. Ziandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, kazi, saa, sahihi. Zikikumbukwa mwisho wa mwaka, mkaguzi anaweza kuzifuta.