Uzamivu Ulaya: tafuta kazi, usitafute ufadhili

Wahitimu wengi wa sayansi huku Afrika Mashariki wakitaka kusomea uzamivu (PhD) Ulaya huanza kwa kutafuta ufadhili. Naona hapo ndipo wanapopotea njia. Uswidi, Norwe, Denmark, Uholanzi na katika maabara nyingi za Ujerumani, anayefanya uzamivu ni mwajiriwa. Ana mkataba, mshahara na bima, anakatwa kodi, na kwa kawaida halipi ada. Nafasi hizo hutangazwa kama kazi, ndiyo maana huzioni kwenye orodha za ufadhili zinazosambazwa WhatsApp.

Anzia EURAXESS, tovuti ya Tume ya Ulaya, ambayo haitozi chochote. Kwa Uholanzi tumia AcademicTransfer, kwa Norwe Jobbnorge, na kwa Uswidi fungua ukurasa wa ajira wa kila chuo.

Tangazo la Ujerumani lisome kwa makini. Likiandika "TV-L E13, 65%", TV-L ni jedwali la mishahara ya watumishi wa umma wa majimbo na E13 ni ngazi yake, kwa hiyo utalipwa 65 kwa mia ya mshahara wa ngazi hiyo, ingawa utafiti wenyewe utakula wiki yako nzima. Katika biolojia kiwango hicho ni cha kawaida. Uhandisi na sayansi ya kompyuta mara nyingi hulipa 100%. Piga hesabu ya kodi ya nyumba ya mji huo kabla hujafurahi.

Nafasi ninazozipigia debe zaidi ni za mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharimia watafiti, kwa sababu uraia wako si kikwazo. Mtandao mmoja huwa na nafasi kadhaa katika nchi tofauti, na kila nafasi ina namba yake, mada yake na msimamizi wake. Omba kwa namba. Kinachowaangusha watu ni sharti la makazi: ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu katika nchi ya mwajiri kwa zaidi ya miezi 12. Aliyeko Dodoma au Kisumu hana shida popote. Lakini aliyemaliza juzi uzamili wa miaka 2 Uholanzi hawezi kuajiriwa huko kwa mpango huu, hata maprofesa wote wakimpenda. Nafasi ya Ubelgiji ya mtandao uleule, hiyo anaweza kuiomba.

Barua ya maombi isizidi kurasa 2. Taja namba ya tangazo, kisha mbinu ulizozifanya kwa mikono yako: PCR (kunakili DNA maabara), uchambuzi wa data kwa programu ya R, idadi ya sampuli. Sifa kama "mchapakazi" hazimsaidii msimamizi kukuchagua. Wakitaka faili moja la PDF, ukituma vyeti vipande vipande unaweza kuenguliwa kabla hujasomwa.

Halafu kuna wadhamini, yaani walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo, na hapa maombi mazuri mengi hufia. Mara nyingi mfumo humtumia mwalimu wako kiungo chenye siku ya mwisho, na barua pepe hiyo huishia kwenye taka. Mjulishe wiki 3 kabla, mpe wasifu wako na tangazo lenyewe, omba atumie anwani ya chuo badala ya Gmail, na siku unayobonyeza kutuma mpigie simu umwambie ujumbe utatoka kwa nani.