Harsha wa Kannauj: sifa za kweli au za kupikwa?

Kwa muda mrefu Harsha, aliyetawala kaskazini mwa India kuanzia 606 hadi 647, ametajwa kuwa mfalme mkuu wa mwisho wa India ya kale. Wanaompinga wana hoja nzito: tunayoyajua kumhusu yametoka kwa watu wawili waliokula kwenye mkono wake. Mmoja ni Banabhatta, malenga wa ikulu. Wa pili ni Xuanzang, mtawa wa Kibudha kutoka Uchina aliyekuwa mgeni wake wa heshima. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa Bana nakubaliana nao. Anasimulia jinsi Rajyavardhana, kaka yake Harsha, alivyouawa na Shashanka, mfalme wa Gauda huko Bengal, na jinsi dada yao Rajyashri, mjane wa mfalme wa Kannauj, mji ambao baadaye ukawa makao makuu ya Harsha, alivyookolewa katika misitu ya Vindhya akiwa karibu kujitupa motoni. Kisha kitabu chake kinaishia hapo. Kuhusu utawala wenyewe, miaka arobaini na ushee, hasemi kitu.

Xuanzang hawezi kutupwa kirahisi hivyo. Ni kweli anamsifia mwenyeji wake kupita kiasi, lakini ndiye pia anayekiri kwamba Harsha alishindwa kumtiisha Pulakeshin wa Pili, mfalme wa Chalukya upande wa kusini. Maandishi ya 634 katika hekalu la Aihole, yaliyochongwa kumtukuza Pulakeshin, yanajigamba kwa jambo hilohilo na kutaja tembo wa Harsha walioanguka vitani. Mgeni wa Harsha na malenga wa adui yake wakisema mamoja, tuwaamini. Basi habari ya kuwa Harsha alitawala India nzima haina mguu: mpaka wake wa kusini ulikomea karibu na mto Narmada.

Hata kaskazini usalama haukuwa kamili. Wasifu wa Xuanzang unasimulia maharamia wa mto Ganges waliomkamata wakitaka kumtoa kafara kwa mungu wa kike Durga, na hilo lilitokea ndani ya eneo la Harsha.

Jambo linalonivutia zaidi ni sadaka za Prayag, mahali mito Ganges na Yamuna inapokutana, zilizofanyika kila baada ya miaka mitano. Harsha aligawa mali ya hazina kwa watawa wa Kibudha, Mabrahmani na maskini, hadi mavazi na mapambo ya mwilini yakaisha, akamwomba dada yake nguo kuukuu avae. Wanaompenda huona hapo moyo wa ukarimu. Lakini masimulizi hayohayo yanasema farasi, tembo na silaha havikuguswa, na kwamba baadaye wafalme walio chini yake waliyakomboa mapambo yake kwa mali zao wakamrudishia. Mimi sioni unafiki hapo. Naona siasa ya hali ya juu. Kila mfalme mdogo alilazimika kuonyesha hadharani, mbele ya umati, kwamba yuko upande wa Harsha.

Huo ndio ulikuwa mfumo wake. Alishikilia himaya kwa mapatano na watu: Bhaskaravarman, mfalme wa Kamarupa huko Assam, alikuwa mshirika, na mtawala wa Valabhi, huko Gujarat, akamwoa binti yake. Yeye mwenyewe alikuwa safarini karibu mwaka mzima, akilala katika makazi ya muda, isipokuwa msimu wa mvua. Bamba la shaba la Banskhera la 628, hati ya kutoa ardhi yenye saini yake, linathibitisha kuwa utawala wa kweli ulikuwepo, si mashairi matupu.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba yote yalimtegemea yeye, na hakuacha mrithi. Alipofariki 647, kiti kilinyakuliwa na mtu ambaye Wachina wanamtaja kama Arunashva, aliyeshambulia msafara wa mjumbe wao, Wang Xuance. Mjumbe huyo akakimbia, akarudi na askari wa Tibet na Nepal, akamkamata na kumpeleka Uchina. Kati ya wafalme waliokomboa mapambo pale Prayag, hakuna aliyeweza kuirudisha himaya ile.