Kilo peke yake hazitoshi, mpimeni mtoto na urefu

Mtoto akizaliwa huku kwetu Mtwara, swali la pili baada ya "wa kike au wa kiume?" ni "kilo ngapi?" Baba anauliza akiwa nje ya leba, bibi anauliza, shangazi aliyeko Masasi anauliza kwa simu. Zikiwa tatu, vigelegele. Urefu hauulizwi na yeyote, na kwenye kadi nyingi ninazoonyeshwa na ndugu na majirani nafasi yake iko wazi, au imeandikwa 50 kwa kila mtoto. Jambo hili linaniuma.

Chukua watoto wawili waliotimiza miezi yao. Wa kwanza ana kilo 2.6 na urefu wa sentimita 52. Wa pili ana kilo 2.4 na sentimita 45. Kwa kilo tu, mpaka ni gramu 2,500, kwa hiyo wa pili ndiye atakayeitwa mtoto wa uzito pungufu na kuangaliwa zaidi. Wa kwanza atafungwa kanga aende nyumbani.

Sasa weka urefu kwenye hesabu. Daktari wa Uswisi, Fritz Rohrer, alieleza njia yake mwaka 1921: chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa urefu wa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 52 × 52 × 52. Wa kwanza anapata 1.85, wa pili 2.63. Watoto wengi wenye afya waliotimiza miezi huwa karibu na 2.5, na chini ya 2 ni wembamba wa kutilia shaka. Yule tuliyemfunga kanga aende nyumbani ndiye aliyekosa chakula tumboni.

Mafuta na nyama za mtoto hujengeka zaidi miezi mitatu ya mwisho. Kondo la nyuma likishindwa kazi kipindi hicho, kwa mfano mama akiwa na presha ya mimba, mwili wa mtoto unaulinda ubongo kwanza. Anazaliwa mrefu, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, ngozi ya mapaja na makalio imelegea na kufanya mikunjo. Hana akiba: sukari yake hushuka haraka, na mwili unapoa hata kwenye joto letu hili la pwani. Lindi na Mtwara bado tuna malaria nyingi, na vimelea vyake hujificha kwenye kondo, hasa mimba ya kwanza, wakati mwingine mama asijisikie mgonjwa hata kidogo. Ndiyo maana zile dawa za SP za kuzuia malaria, wanazopewa wajawazito kliniki, si za kuruka.

Kwenye maghala ya korosho hakuna mnunuzi anayeridhika na uzito wa gunia tu. Zinapasuliwa kadhaa aone kiini. Kwa watoto wetu tunaridhika na mizani.

Lakini urefu upimwe kweli. Futi ya fundi cherehani iliyolazwa juu ya mtoto aliyekunja miguu haisaidii. Panatakiwa ubao wa kupimia na watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yakitazama dari, mwingine ananyoosha magoti taratibu na kusogeza kibao cha chini hadi kiguse nyayo. Kosa la sentimita mbili tu linabadili kila kitu. Yule wa sentimita 52 akiandikwa 50, hesabu inapanda hadi 2.08 na wembamba wake umefichika.

Hesabu hii haimalizi kila kitu. Mtoto aliyedumaa tangu mimba changa huwa mfupi na mwepesi kwa pamoja, kwa hiyo namba yake hutoka nzuri. Njiti nao huwa na namba ndogo kwa kawaida. Lazima wiki za mimba zijulikane na kichwa kipimwe pia.

Siwalaumu wakunga. Nesi mmoja zamu ya usiku akiwa na akina mama watatu leba hana muda wa kuzidisha 52 mara tatu. Ila jedwali la ukurasa mmoja, uzito upande mmoja na urefu upande mwingine, linaweza kubandikwa ukutani kila zahanati kuanzia Kilwa hadi Tandahimba, na ubao wa kupimia hata fundi seremala anaweza kuuchonga akipewa vipimo. Halmashauri zetu zinaliweza hili. Mtoto atakayeonekana mwembamba alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza na mara kwa mara baada ya hapo, apimwe sukari panapowezekana, na asiruhusiwe kutoka siku hiyohiyo.