Binyah na comeyah: likizo ya visiwa vya Wagullah inamfaidi nani?

Kwenye visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia, wenyeji wana maneno mawili ya kuwatambua watu. Binyah ni yule ambaye babu wa babu yake amezikwa hapo. Comeyah ni aliyekuja. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji tafsiri ndefu: ni mwenyeji na mtu wa kuja. Anajua pia kwamba maneno kama hayo huanza kuuma siku ardhi inapopanda bei.

Wenyeji hao ni Wagullah, ambao upande wa Georgia huitwa zaidi Wageechee. Ni vizazi vya Waafrika waliotekwa Sierra Leone, Senegambia, Kongo, Angola na kwingineko, wakafanywa watumwa katika mashamba ya mpunga na pamba. Malaria iliwafanya mabwana wengi wahame mashamba hayo msimu wa joto, na kwa miezi mingi Waafrika walibaki peke yao. Ndiyo maana lugha, mapishi, nyimbo na ufundi wao havikufutika. Leo mambo hayo hayo ni kivutio. Kisiwa cha Hilton Head, South Carolina, peke yake hupokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Wengi hufuata bahari na gofu, na baadhi yao hutenga nusu siku wapande basi, watembezwe na Mgullah, waonyeshwe kanisa, makaburi na mahali ulipokuwa mji wa Mitchelville, ulioanzishwa mwaka 1862 na watu waliokuwa wametoka tu utumwani.

Wanaosema utalii huu ni baraka hawasemi ovyo. Kwa miaka mingi Kigullah kilihesabiwa kuwa Kiingereza kibovu, na mtoto akikisema shuleni anachekwa. Clarence Thomas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyezaliwa Pin Point, Georgia, amewahi kueleza jinsi alivyokuwa akitaniwa kwa matamshi yake ya nyumbani. Ilibidi Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani mweusi, achapishe utafiti wake mwaka 1949 ndipo wasomi wakubali kwamba lugha hii ina mizizi Afrika. Wamarekani wa kusini wanaita karanga “goober”, na neno hilo ni nguba la Kikongo; Mkongomani anayesema Kilingala bado ananunua nguba sokoni. Kitu kilichodharauliwa hivyo, leo watu wanalipa kwenda kukisikia. Mwaka 2005 Agano Jipya lilitoka kwa Kigullah. Heshima ya namna hiyo siwezi kuiita ndogo.

Fedha nazo zipo. Nje ya mji wa Charleston, South Carolina, kando ya barabara namba 17 pale Mount Pleasant, kuna vibanda vya mbao vilivyotundikwa vikapu. Mwangalie fundi mmoja akiwa kazini. Hasuki ukili kama sisi. Anashika fungu la nyasi laini zenye harufu nzuri, analizungusha kuanzia katikati, na kila mzunguko anaushonea kwenye uliotangulia kwa ukanda mwembamba wa jani la palmetto, mti wa jamii ya mnazi. Sindano yake mara nyingi ni mpini wa kijiko uliosuguliwa ncha. Zamani kikapu mashuhuri kuliko vyote kilikuwa kipana na bapa, cha kupepetea mpunga uliokwisha kutwangwa kwenye kinu. Yaani ungo. Kikapu kikubwa hula wiki nyingi za kazi, na bei yake hufika mamia ya dola. Kinasomesha mtoto.

Lakini uliza nyasi zenyewe zinatoka wapi. Zilikuwa zikiota nyuma ya fukwe na kando ya mabwawa ya chumvi, mahali ambapo leo pana hoteli, nyumba za likizo na viwanja vya gofu. Mafundi wengi sasa hawana pa kukata. Wengine huzifuata mbali, hadi Florida. Mgeni anayenunua kikapu kwa moyo mweupe huenda usiku analala juu ya shamba la nyasi lililozikwa. Hapo ndipo ninapoona utetezi wa utalii unapwaya: unahesabu dola zinazoingia kibandani, hauhesabu kilichong’olewa ili mgeni apate pa kulala.

Hilton Head ndio mfano ulio wazi zaidi. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1956, wakazi wa kisiwa walikuwa Wagullah karibu wote, wakulima na wavuvi. Daraja lilileta ajira na kuikaribisha hospitali; asiyetaja hilo hasemi ukweli. Lilileta pia mageti. Mitaa kadhaa ya kifahari iliyofungwa inaitwa “plantation”, jina lile lile la mashamba ya watumwa, na baadhi ya makaburi ya Wagullah yamo ndani ya mageti hayo. Mtu anafika kuzuru kaburi la bibi yake na kwanza anapita kwa mlinzi.

Ardhi ilipoteaje? Si kwa nguvu peke yake. Wazee wengi waliinunua baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomaliza utumwa, wakafa bila wosia, kwa sababu mwanasheria alikuwa mzungu na mahakama haikuwa yao. Shamba likabaki la ukoo mzima, kila mrithi ana fungu lisilopimwa. Kampuni inamtafuta mrithi mmoja aliyehamia New York ambaye hajawahi kukiona kisiwa, inanunua fungu lake, kisha inaomba mahakama iamuru shamba lote liuzwe. South Carolina ilibadilisha sheria mwaka 2016 ili kuwapa warithi nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu la anayeomba mnada, wakati mengi yalikuwa yamekwisha kwenda. Na anayeshikilia chake anakutana na kodi ya ardhi inayopanda kila jumba la kifahari linapojengwa jirani.

Kisiwa cha St. Helena, si mbali na hapo, kilichagua njia nyingine. Tangu 1999 kanuni za kaunti ya Beaufort zinakataza humo viwanja vya gofu na mitaa ya mageti, na mwaka 2023 baraza la kaunti lilimkatalia mwekezaji aliyetaka gofu. Hoja ya wapinzani wa kanuni hiyo inaniumiza kichwa, nakiri: jirani wa Hilton Head amepata utajiri kwa ardhi yake, kwa nini mwenye shamba wa St. Helena azuiwe kuuza kwa bei hiyo hiyo? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba wengi wa Hilton Head hawakuuza kwa bei ya leo. Waliuza mapema na kwa bei ndogo, na bei ya leo anaipata aliyenunua kwao. Kwa hiyo mimi nasimama na St. Helena. Ukitaka kuujua Ugullah, nenda huko, ingia Penn Center, zamani shule iliyofunguliwa mwaka 1862 kwa ajili ya watu walioachwa huru, ule kwa mama ntilie wa pale pale, na umwajiri kiongozi ambaye ni binyah.

Hata hivyo si kila kisiwa kina kanuni ya kukilinda. Kule Sapelo, Georgia, mtaa wa Hog Hammock umebakiwa na Wageechee makumi machache tu. Septemba 2023 kaunti ya McIntosh iliruhusu nyumba za hadi futi za mraba 3,000, kutoka 1,400. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba, mamia ya wageni walivuka kwa feri kuhudhuria siku ya utamaduni; wakati wa kurudi, njia ya alumini ya gatini ikakatika, watu 7 wakafa. Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ilisema wapigakura wana haki ya kuamua wenyewe kuhusu ukubwa wa nyumba zile. Wenyeji walikuwa wamezunguka wakikusanya sahihi za kudai kura hiyo, mlango kwa mlango, kaunti nzima.